Mnavu: mboga ya wazee na sumu yake

Katika milima yetu ya Kivu, mnavu ni mboga ya tangu zamani. Bashi wanaiita mulunda. Inaota yenyewe pembeni ya nyumba na katika mashamba yaliyopumzishwa, na bamama wanaipika tuile na bugali. Lakini wenye kusoma wanauliza: si vitabu vinasema mmea huu ni sumu?

Vitabu havisemi uongo. Mwaka 1753 Linnaeus aliupa mnavu wa Ulaya jina Solanum nigrum. Mwaka 1820 Mfaransa Desfosses, mtaalamu wa dawa, alitoa ndani ya matunda yake kitu kichungu, solanini. Ndiyo hiyo hiyo iko katika viazi vilivyogeuka kijani juu ya kukaa kwenye jua. Inaleta kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo. Ikizidi, inavuruga akili na mwili. Tena minavu ni ya aina nyingi, na kipimo cha sumu kinabadilika kufuatana na aina na umri wa mmea. Tunda la kijani ndilo la kuogopa zaidi.

Wazee wetu hawakujua solanini, lakini walikuwa na sheria. Kuchuma majani machanga. Kuchemsha na kumwaga mayi ya kwanza. Watoto wasiguse matunda mabichi. Uchungu ukipita kiasi, mboga inatupwa. Ile jamaa yake ya miiba na matunda ya manjano haiingii kabisa chunguni. Na tusidanganyane: moto peke yake hauvunji solanini. Kwa hiyo kuchagua jani na kumwaga mayi si kupoteza wakati.

Muhogo ulishatufundisha hilo. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, kule Kwango. Baadaye ilijulikana kwamba unatokana na kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Njaa na haraka ndizo zinakata kazi ya wazee katikati.

Tangu 1996 vita imehamisha jamaa nyingi. Mtoto aliyekomalia kambini, mbali na nyanya yake, anaweza kujua jina mnavu bila kujua sheria yake. Sisi walimu na wazazi, tuwafundishe watoto jina pamoja na sheria. Mboga bila sheria yake ni jani la porini tu.