Bonge la Damu Lililozaa Mashine ya Moyo

Mei 6, 1953, mjini Philadelphia, Marekani, msichana wa miaka 18 alizibwa tundu la moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake kwa dakika 26. Daktari aliyempasua, John Gibbon, huadhimishwa kwa kuliziba tundu hilo. Kilichomsukuma, hata hivyo, ni bonge la damu.

Hatari moja ya bonge kama hilo ilijulikana tangu 1877, Mjerumani Julius Cohnheim alipoeleza jinsi bonge lililoganda mguuni linavyopenya tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo na kuleta kiharusi. Mabonge mengine huishia mapafuni, na kuyachomoa kulishindikana hadi 1924, daktari Martin Kirschner alipofaulu kule Königsberg.

Miaka michache baadaye, Boston, Gibbon alikesha kando ya mwanamke aliyezibwa na bonge mapafuni baada ya kupasuliwa mfuko wa nyongo. Usiku kucha alimpima mapigo, akiona damu yake inavyozidi kuwa nyeusi. Palipokucha, mkuu wake, Edward Churchill, alilichomoa bonge kwa dakika 6 na nusu. Mgonjwa hakuamka. Gibbon akabaki na wazo moja: damu ingetolewa, ikatiwa hewa safi nje ya mwili na kurudishwa, mama yule angeishi.

Wakubwa walimvunja moyo. Aliyemwamini ni Mary Hopkinson, fundi wa maabara aliyekuja kuwa mkewe. Walinasa paka wa mitaani kwa chambo cha jodari, na mwaka 1935 pampu yao ikamweka hai paka ambaye mshipa wake wa mapafu ulikuwa umebanwa. Nusu ya kazi ile ni ya Mary, na ni dhuluma kuiandika historia hii bila jina lake.

Wagonjwa wengine walipomfia mwaka ule wa 1953, Gibbon aliachana na mashine. Wenzake waliiendeleza. Leo bonge likinasa katika tundu kama lile alilolieleza Cohnheim, nusu huku nusu kule, daktari humuunganisha mgonjwa na mashine, hufungua chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, hulitoa zima kabla halijakatika, kisha hushona tundu. Upasuaji wa kufungua moyo unafanyika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Ndugu msomaji, mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, huenda ni bonge la damu: usikubali kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.