Istilahi ya Madini Joto na Nafasi Yake katika Lishe

Madini joto ni jina linalotumika nchini Tanzania kwa elementi ya kikemia ambayo kamusi huiita aidini au iodini, na wasomaji wengi wamelikuta kwa mara ya kwanza katika pakiti ya chumvi. Ni istilahi iliyofanikiwa kwa kiwango ambacho istilahi chache za sayansi zimekifikia, kwa kuwa imetoka katika ofisi za wataalamu ikaingia dukani, jikoni na katika kliniki ya wajawazito bila kuhitaji mkalimani. Hata hivyo, mafanikio hayo yameacha swali ambalo mnunuzi wa chumvi anastahili kujibiwa: joto hilo ni lipi, na madini hayo yanafanya kazi gani mwilini hata sheria ikaamuru yatiwe katika kila pakiti?

Istilahi hii haiwezi kueleweka nje ya ukoo wake. Kirutubishi ni kiini kilichomo katika chakula ambacho mwili hukitumia ili kupata nguvu, kukua, kujijenga upya na kujikinga na maradhi. Neno hilo limetokana na kitenzi rutubisha, nacho kimetokana na rutuba, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwao lina maana ya unyevu, na ambalo mkulima wa Afrika Mashariki amelizoea kama sifa ya udongo unaozaa vizuri. Walioliteua walichagua vyema, kwa maana limefunga mwili wa mlaji na shamba lililomlisha katika neno moja, na uhusiano huo, kama itakavyoonekana, ni wa kweli kikemia. Wataalamu wa lishe huvigawa virutubishi katika makundi mawili, yaani vile vinavyohitajika kwa wingi na kupimwa kwa gramu, ambavyo ni wanga, protini na mafuta, na vile vinavyohitajika kwa uchache, ambavyo ni vitamini na madini, vinavyopimwa kwa miligramu, sehemu ya elfu moja ya gramu, au kwa mikrogramu, sehemu ya milioni moja ya gramu. Kundi hili la pili huitwa mara nyingi virutubishi vidogo, na hapo tafsiri imeteleza, kwa sababu kivumishi kikigandana na nomino namna hiyo humfanya msomaji adhani kwamba udogo ni wa hadhi, ilhali kilicho kidogo ni kipimo tu. Istilahi ya virutubishi vya kiasi kidogo ni ndefu zaidi, lakini haipotoshi.

Vitamini na madini hutajwa pamoja kila mara, ingawa ni vitu vya asili tofauti. Vitamini ni kampaundi zinazotengenezwa na viumbe hai, na kwa kuwa zimejengwa, zinaweza pia kubomolewa: vitamini C huharibiwa na moto na huyeyukia katika maji ya kuchemshia mboga, ambayo wapishi wengi huyamwaga. Madini, kinyume chake, ni elementi, na hakuna mmea wala mnyama awezaye kuzitengeneza. Mmea huzifyonza kutoka ardhini, mnyama huzipata kwa kula mmea, na binadamu huzipata kwa vyote viwili. Ardhi isipokuwa nazo, chakula kilichoota juu yake hakitakuwa nazo, hata kikiwa kingi na kitamu. Neno madini lenyewe, ambalo pia ni la asili ya Kiarabu na linahusu machimbo, humpeleka Mtanzania kwenye dhahabu ya Geita na tanzanaiti ya Mererani kabla ya kumpeleka kwenye sahani ya maharage, na pengine ndiyo sababu waelimishaji wa afya wamelazimika kuliongezea kijalizo kila wanapolitumia katika lishe, kama vile madini ya chuma, madini ya zinki na madini joto.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Kiswahili kilikuwa na majina ya upungufu kabla ya kuwa na majina ya virutubishi. Kiseyeye, ambacho ni kuvimba na kutoka damu kwa fizi, ni dalili ya kukosa vitamini C. Matege, yaani kupinda kwa miguu ya mtoto, mara nyingi huletwa na uhaba wa vitamini D au kalsiamu. Safura, yenye weupe wa viganja na uchovu usioisha, hufungamana na minyoo inayonyonya damu utumboni na kuumaliza mwili madini ya chuma. Na rovu ni uvimbe wa shingo unaotokana kwa kawaida na ukosefu wa aidini. Wasemaji waliona alama mwilini wakaipa jina, na sababu ikajulikana baadaye. Sayansi nayo ilipitia njia hiyohiyo, kwani daktari wa meli James Lind alionyesha mwaka 1747 kwamba machungwa na malimau yanaponya kiseyeye, lakini ilipita zaidi ya miaka 180 kabla ya vitamini C yenyewe kutambuliwa.

Neno vitamini limetoholewa, yaani limechukuliwa kutoka lugha ya kigeni na kuvikwa sauti za Kiswahili, na historia yake inafundisha kitu kuhusu istilahi zote za aina hii. Casimir Funk, mwanabiokemia mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, aliliunda mwaka 1912 kwa kuunganisha neno la Kilatini lenye maana ya uhai na jina la amini, kundi la kampaundi zenye nitrojeni, akiamini kwamba viini hivyo vyote ni amini. Ilipodhihirika kwamba sivyo, Mwingereza Jack Drummond alipendekeza mwaka 1920 herufi ya mwisho ya tahajia ya awali iondolewe, ili neno lisiendelee kudai lisilo kweli, na viini vyenyewe vitambulishwe kwa herufi. Jina lililozaliwa katika dhana potofu likabaki hai, kwa kuwa lilikuwa limeshaenea na kwa kuwa watumiaji wake walikubaliana upya juu ya maana yake.

Aidini iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois katika majivu ya mwani, alipoona mvuke wa rangi ya zambarau ukipanda kutoka chomboni, na jina lake la kimataifa limetokana na neno la Kigiriki linaloitaja rangi hiyo. Mwani huo si wa aina moja na ule ambao wanawake wa Unguja na Pemba wamekuwa wakiulima kwa ajili ya soko la nje tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hadi mwaka 1895 hakuna aliyejua kwamba elementi hiyo ni sehemu ya mwili wa binadamu. Ndipo Mjerumani Eugen Baumann alipoikuta katika tezi dundumio, ambayo pia huitwa tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo chini ya kikoromeo. Tezi hiyo huchota aidini kutoka katika damu na kuitumia kujenga homoni, yaani vijumbe vya kikemia vinavyosafiri na damu hadi sehemu nyingine za mwili. Homoni yake kuu, thairoksini, ina atomi nne za aidini katika kila molekuli, na bila atomi hizo haiwezi kujengwa.

Hapo ndipo joto linapopata maana yake. Homoni za tezi dundumio huamua kasi ya umetaboli, yaani jumla ya shughuli za kikemia ambazo kwazo mwili huchoma chakula na kutoa nguvu na joto. Mtu ambaye homoni hizo zimempungukia sana huhisi baridi hali wenzake hawaihisi, huchoka upesi, ngozi yake hukauka na mapigo ya moyo wake hupungua kasi, na yule ambaye zimemzidia hutokwa jasho na kuhema hata akiwa ametulia. Jina la madini joto, kwa hiyo, linaitaja elementi kwa kazi inayowezesha na wala haliitaji kwa rangi wala kwa umbo lake, na kwa kipimo hicho ni jina lenye mantiki kuliko lile la kimataifa, ambalo halimwelezi mlaji chochote isipokuwa rangi ya mvuke ambao hatauona maishani.

Lakini kazi iliyo nzito zaidi si ya joto. Ubongo wa mtoto aliye tumboni hujengwa kwa msaada wa homoni za tezi dundumio, na katika miezi ya kwanza ya mimba homoni hizo zote hutoka kwa mama. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa amedumaa mwili na akili, pengine akiwa kiziwi, na madhara hayo hayaondolewi kwa dawa ya baadaye. Upungufu wa wastani nao huweza kumpunguzia uwezo wa kujifunza pasipo yeyote kumwona kuwa mgonjwa. Rovu inaonekana, lakini hasara hii haionekani, na ndiyo inayostahili kutajwa kwanza kila istilahi hii inapoelezwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 150 za aidini kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito na anayenyonyesha. Ni kiasi kidogo mno, kwani mahitaji ya mtu wa kawaida kwa maisha yake yote hayafiki kijiko kimoja cha chai.

Kiasi hicho hukosekana hasa pale ambapo mvua za karne nyingi zimekwisha kuosha aidini kutoka udongoni na kuipeleka baharini. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, pamoja na maeneo ya milima na ya maziwa ya magharibi, zilijulikana kwa rovu kwa sababu hiyo, ingawa ni nchi zenye rutuba kwa maana ya mavuno. Katika kisiwa cha Idjwi kilichomo Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti walionyesha kwamba muhogo huzidisha tatizo, kwa kuwa sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri hugeuzwa mwilini kuwa kampaundi inayoizuia tezi kuchota aidini. Muhogo hauna hatia mahali ambapo aidini inatosha na maandalizi yamefanywa ipasavyo. Hatari huja mambo hayo mawili yanapokosekana kwa pamoja.

Chumvi ilichaguliwa kuwa chombo cha kupelekea madini haya kwa sababu huliwa na tajiri na maskini, kila siku, kwa kiasi kisichobadilika sana. Uswisi ilianza mwaka 1922, na jimbo la Michigan nchini Marekani likafuata mwaka 1924. Nchini Tanzania, ambako Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa kwanza vidonge vya mafuta yenye aidini, kisha kanuni za katikati ya miaka ya 1990 zikaagiza chumvi ya kula itiwe madini joto. Hesabu yake ni nyepesi na ni vyema ikajulikana: chumvi yenye miligramu 30 za aidini katika kila kilo ina mikrogramu 30 katika kila gramu, na mtu anayekula gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ndizo kikomo kinachoshauriwa kwa ajili ya shinikizo la damu, anapata mikrogramu 150. Hapana haja, basi, ya kuongeza chumvi ili kuongeza madini joto.

Wengi hudhani kwamba chumvi ya baharini, kwa kuwa imetoka kwenye maji yenye aidini, imejitosheleza. Dhana hiyo inaeleweka, lakini si sahihi, kwa maana maji yanapokauka katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, Lindi au Pemba, aidini inayobaki katika chembe za chumvi ni haba mno, na hata Pemba, kisiwa kilichozungukwa na samaki, upungufu umewahi kukutwa. Mzalishaji hana budi kunyunyizia au kuchanganyia aidini, kwa kawaida katika umbo la iodeti ya potasiamu, ambayo huhimili unyevu wa nchi za joto kuliko iodidi.

Na hapa jina la madini joto linaonyesha udhaifu wake. Iodeti nayo, japo ni imara kiasi, hupungua chumvi inapoachwa wazi, inapopata unyevu, inapowekwa karibu na jiko au inapochemka muda mrefu, na ndiyo maana wataalamu hushauri chumvi ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Mpishi asiyeelezwa zaidi anaweza kudhani kwamba kitu kiitwacho madini joto ni rafiki wa moto, ilhali moto ndio unaokipunguza. Udhaifu wa pili ni wa kitaaluma: kutokana na jina hilo haiwezekani kuunda majina ya iodidi na iodeti, wala mwanafunzi wa kidato cha tatu hatambui kwamba elementi anayoisoma katika jedwali la kemia ndiyo iliyomo katika chumvi ya nyumbani kwao. Msomaji wa Kenya, aliyezoea iodini, naye anaweza kudhani ni kitu kingine kabisa.

Kulifuta jina kwa ajili ya kasoro hizo kungekuwa hasara, kwa kuwa neno lililokwisha kukaa katika vinywa vya watu halina budi kuheshimiwa kama vitamini ilivyoheshimiwa. Kinachohitajika ni kuyaandika majina mawili pamoja, madini joto na aidini, katika pakiti za chumvi na katika vitabu vya shule, na vilevile kuuacha mtindo wa kuieleza elementi hii kana kwamba inafanya kazi peke yake. Kimeng'enya kinachoitumia aidini kujenga homoni ndani ya tezi dundumio kinahitaji madini ya chuma, na vimeng'enya vinavyoiamsha homoni hiyo katika sehemu nyingine za mwili vinahitaji seleniamu. Msichana mwenye safura anaweza kula chumvi iliyotiwa madini joto kwa kipimo kamili na bado asinufaike nayo ipasavyo, mpaka minyoo itibiwe na chakula chake kipate maharage, dagaa, nyama au mboga za majani za kumrudishia chuma.