Kinanda Kipi kwa Mwanafunzi? Historia ya Harmoniamu na Funzo Lake kwa Darasa Letu

Maadhimisho ya hekalu hutupa fursa ya kuvitazama upya vitu tulivyovizoea mno hata tukaacha kuuliza vilitoka wapi. Harmoniamu ni kimojawapo. Hukaa pembeni mwa ukumbi ikiwa imefunikwa kitambaa, na jioni ya bhajan hufunguliwa kana kwamba imekuwapo tangu zama za Veda. Ukweli ni kwamba ala hii haijatimiza miaka 200, jina lake lilizaliwa Paris, na kwa zaidi ya miaka 30 ilipigwa marufuku katika redio ya India.

Tumeona vema kuisimulia historia hiyo katika kitabu hiki cha kumbukumbu kwa sababu inalijibu swali ambalo wazazi hulileta kila darasa la muziki linapoanza: mtoto anayejifunza nadharia ya muziki anunuliwe kinanda gani? Je, anunuliwe harmoniamu kama ya babu zake, au kinanda cha umeme chenye sauti mia moja na taa za rangi? Swali hili ni la fedha, lakini zaidi ni swali la sikio. Sikio la mtoto hufuata kile linachosikia kila siku, na samaki hukunjwa angali mbichi.

Kutoka Paris hadi Kolkata

Sauti ya harmoniamu hutoka katika ulimi mwembamba wa shaba uliofungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Hewa ikipita, ulimi hutetemeka. Kanuni hii ni ya Asia: sheng ya Wachina na khaen ya watu wa Laos zimeitumia kwa karne nyingi. Wataalamu wa Ulaya waliichunguza mwishoni mwa karne ya 18, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 Alexandre Debain alisajili mjini Paris ala aliyoiita harmonium. Ilikuwa kabati zito la mbao. Mpigaji aliketi kitini, akaipulizia hewa kwa miguu miwili na kupiga kwa mikono miwili.

Wamisionari na maafisa wa Kiingereza waliipeleka India kwa sababu zinazoeleweka. Ilikuwa nafuu kuliko piano, ilisafirishika, na ndimi zake hazikulegea kwa joto na unyevu kama zinavyolegea nyuzi za piano. Hata hivyo haikuwafaa wanamuziki wa India, ambao huketi sakafuni na kuimba wakitazamana.

Mabadiliko yalifanyika Kolkata, iliyoitwa Calcutta wakati ule, katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Fundi na mfanyabiashara Dwarkanath Ghose, ambaye duka lake lilijulikana kwa jina la Dwarkin, alitengeneza harmoniamu ndogo isiyo na miguu wala pedali. Mvukuto uliwekwa nyuma ya sanduku ili mkono wa kushoto uuvute na mkono wa kulia ubonyeze. Mpigaji akaweza kuketi sakafuni pamoja na waimbaji wenzake.

Tunaomba msomaji azingatie jambo moja hapa. Kwa kuuchukua mkono wa kushoto, mafundi wa Kolkata waliinyima ala hii sehemu kubwa ya muziki wa Kizungu, ambao hujengwa kwa noti nyingi zinazopigwa pamoja. Lakini kirtan, bhajan, ghazal na qawwali hufuata mstari mmoja wa sauti, nao mstari mmoja unatoshwa na mkono mmoja. Baadaye ziliongezwa ndimi za mvumo, zinazoshika noti moja mfululizo chini ya wimbo. Kwa hiyo ala ya Ulaya haikupokelewa India kama ilivyo. Ilipunguzwa, ikaongezwa, ikapewa kazi nyingine.

Kuvuka bahari

Wazee wetu kutoka Gujarat, Kutch na Punjab walipovuka bahari kuja pwani ya Afrika Mashariki, muziki wa ibada ulivuka nao, na harmoniamu ilikuwa ala rahisi kubebeka. Hapa pwani haikubaki ndani ya mahekalu na nyumba za Wahindi. Iliingia katika taarabu, na hasa Mombasa ikashirikiana na tabla katika nyimbo za Kiswahili zilizofuata lahani za filamu za Kihindi. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ni miongoni mwa waimbaji waliojulikana kwa mtindo huo.

Lugha yenyewe imeihifadhi historia hii. Neno kinanda zamani lilitumika kwa ala ya nyuzi iliyo jamaa ya gambusi. Zilipofika ala za vibonyezo, Waswahili waliziita vinanda pia, na leo neno hilo linabeba ogani ya kanisani, piano, harmoniamu na kinanda cha umeme. Mzazi anaposema kwamba anataka kumnunulia mwanawe kinanda, hatuna budi kumuuliza ni kipi.

Shauri dhidi ya harmoniamu

Si wote walioifurahia. Mwaka 1909 mwanazuoni Ananda Coomaraswamy aliishutumu harmoniamu kuwa inaharibu muziki wa India. Rabindranath Tagore hakuipenda. John Foulds, mtunzi Mwingereza aliyeongoza muziki wa Kizungu katika redio mjini Delhi, aliandika dhidi yake mwaka 1938. Machi 1940 Redio ya India Nzima iliiondoa katika matangazo yake. Uhuru ulipatikana mwaka 1947 na marufuku yakaendelea. Yalilegezwa mwaka 1971, tena kwa sehemu tu, ili ala hiyo iweze kumsindikiza mwimbaji.

Wengine walisukumwa na hisia za kitaifa, kwa kuwa ala ilikuwa na asili ya kigeni. Lakini shauri lenyewe lilikuwa na msingi wa kisayansi, na mwanafunzi wa nadharia anapaswa kulielewa.

Tuchukue Sa yenye mitetemo 240 kwa sekunde. Ga safi, inayotulia kikamilifu juu ya Sa hiyo, ina mitetemo 300, yaani uwiano wa 5 kwa 4. Pa safi ina mitetemo 360, uwiano wa 3 kwa 2. Kinanda kilichopatanishwa kwa mtindo wa kisasa hugawanya saptak katika hatua 12 zilizo sawa kabisa, ili mtu aweze kuanzia popote. Katika mgawanyo huo Pa huwa takriban 359.6, tofauti ambayo sikio halijali. Lakini Ga hupanda hadi takriban 302.4. Ukiipiga pamoja na Sa inayovuma, utasikia sauti ikitikisika. Mwimbaji aliyelelewa na tanpura huisikia mara moja.

Tena, vibonyezo haviwezi kuteleza. Meend, yaani kuvuta sauti kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika, haiwezekani. Komal Ga ya raga Darbari Kanada hushushwa chini kidogo na kuyumbishwa polepole, nayo haina kibonyezo chake. Wapo waliojaribu kuponya kasoro hiyo. Karibu na mwaka 1911 K. B. Deval na hakimu Mwingereza Ernest Clements walihimiza harmoniamu yenye shruti 22, lakini haikuenea. Kadiri vibonyezo vinavyozidi, urahisi uliowavutia watu hupungua, na bado sauti haitelezi.

Kwa nini basi walimu hawakuiacha?

Wakati huohuo elimu ya muziki ilikuwa ikitoka katika nyumba za mabingwa na kuingia madarasani. Vishnu Digambar Paluskar alifungua Gandharva Mahavidyalaya mjini Lahore mwaka 1901. Vishnu Narayan Bhatkhande, aliyezaliwa Bombay mwaka 1860 na kusomea sheria, alisafiri India akikusanya nyimbo na kuzipanga, kisha akazigawa raga katika makundi kumi yanayoitwa thaat. Mwalimu mwenye watoto ishirini mbele yake alihitaji ala yenye sauti ya kutosha, inayobaki katika upatanisho, na inayoonyesha noti mahali pamoja kila siku. Harmoniamu ilikidhi haja zote tatu.

Ubora wa kinanda katika nadharia ni kwamba huyafanya yasikiwayo yaonekane. Svara 7 na mabadiliko yake, komal Re, komal Ga, tivra Ma, komal Dha na komal Ni, hufanya noti 12, nazo zimelala mbele ya mtoto kama mbegu kwenye bao. Tena kuna zoezi ambalo hatujaona mtoto asiyelifurahia. Mwanafunzi aweke Sa kwenye kibonyezo cheupe kilicho kushoto kwa vyeusi viwili, apande kwa vyeupe peke yake: hiyo ni thaat Bilawal. Aihamishe Sa kwenye cheupe kinachofuata, apande tena kwa vyeupe: sasa ni Kafi. Akiendelea hivyo atapata Bhairavi, Kalyan, Khamaj na Asavari. Thaat sita kati ya kumi zimepatikana bila kugusa kibonyezo cheusi hata kimoja. Zinazobaki, yaani Bhairav, Purvi, Marwa na Todi, zinamlazimu achanganye vyeusi na vyeupe, na hapo huanza kuelewa kwa nini zina ladha ya pekee. Mtoto akihesabu mwenyewe nafasi kati ya noti, atakuwa amejifunza kwa vidole jambo linalojaza kurasa nyingi za vitabu.

Ushauri wetu kwa wazazi

Kutokana na historia hii, sisi tunaosimamia darasa tumekubaliana mambo yafuatayo.

Kwanza, anayeanza na mwenye uwezo wa kuchagua achague harmoniamu ya kawaida. Mvukuto humfundisha pumzi: mkono ukikatika, sauti hukatika, kama ilivyo kwa mwimbaji. Mkono mmoja ulio huru humfunza kufuata mstari wa wimbo. Harmoniamu yenye vibonyezo 37 hadi 42 inatosha. Kabla ya kulipa, jaza hewa bila kubonyeza chochote na utazame mvukuto. Ukisinyaa haraka, hewa inavuja. Kisha bonyeza kila noti polepole, usikilize kama ulimi unachelewa kuitika. Kwa unyevu wa pwani, mbao huvimba na vibonyezo hukwama, kwa hiyo ala ifungwe na ifunikwe baada ya kila kipindi.

Pili, harmoniamu yenye vibonyezo vinavyosogezwa ili kubadili Sa ni nzuri kwa msindikizaji wa waimbaji wengi, lakini ni nzito, ni ghali, na inamfichia mwanafunzi kazi anayopaswa kuifanya. Vivyo hivyo kwa kitufe cha kinanda cha umeme kinachohamisha sauti. Anayejifunza nadharia aihamishe Sa kwa akili na vidole vyake.

Tatu, nyumba yenye kinanda cha umeme isione haya. Mpangilio wa noti ni uleule, na zoezi la thaat sita linafanyika vilevile. Kiwe na vibonyezo vya ukubwa kamili, 61 vikitosha kabisa, na sauti inayoendelea maadamu kidole kimebonyeza, kama ya ogani. Midundo inayojipiga yenyewe izimwe wakati wa mazoezi. Na mtoto anayekusudia kusoma nadharia ya Kizungu, yenye noti nyingi kwa pamoja na mikono miwili, huyo kinanda cha umeme au piano kitamfaa zaidi kuliko harmoniamu.

Nne, na hili ndilo kubwa, kinanda chochote kisiwe mwalimu wa sikio. Tanpura ivume tangu mwanzo wa somo hadi mwisho, iwe ya nyuzi au ya sanduku la umeme. Mtoto aitafute Ga kwa koo lake juu ya mvumo huo kwanza, ndipo abonyeze kinanda ili kuhakikisha yuko karibu. Akifuata utaratibu huo kwa miaka michache, siku moja atamwambia mwalimu kwamba kinanda kimekosea kidogo. Tutafurahi kuisikia kauli hiyo, kwa kuwa waliopinga harmoniamu walihofia kwamba atakuja mtoto asiyeweza tena kuisema.

Waliopiga marufuku walikuwa sahihi kuhusu Ga, na walimu waliokaidi walikuwa sahihi kuhusu watoto ishirini darasani. Urithi tuliopokea unatutaka tuyashike yote mawili. Darasa letu liko wazi kwa kila mtoto, mwenye kinanda na asiye nacho, na harmoniamu ya ukumbini inaweza kutumiwa na yeyote anayetaka kufanya mazoezi kabla ya ibada ya jioni.