Betri ya Kumbukumbu katika Risiva za Stirio za Zamani

Betri ya kumbukumbu ni betri ndogo iliyofungwa ndani ya risiva ya stirio, yaani chombo kimoja kinachobeba tyuna ya kunasia matangazo ya redio, amplifaya ya kukuza sauti na swichi za kuchagulia santuri au kaseti, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba vituo vilivyohifadhiwa na mwenye chombo havipotei umeme unapokatika au plagi inapochomolewa. Betri hiyo haichangii chochote katika sauti, na risiva nyingi huendelea kupiga muziki kama kawaida hata ikiwa imekufa kabisa. Hata hivyo, katika risiva zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1990, mara nyingi ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kwanza kifuniko kinapofunguliwa, kwa sababu aina iliyotumiwa sana wakati huo huvuja inapozeeka na kula shaba ya bodi iliyoizunguka.

Risiva za kale zaidi hazikuhitaji betri ya namna hii. Kituo kilitafutwa kwa kuzungusha kitufe kilichovuta uzi, uzi ukasogeza mshale juu ya kioo chenye namba na kugeuza kapasita yenye mabamba yanayopishana, na mshale ulibaki pale pale ulipoachwa, umeme uwepo usiwepo. Hali ilibadilika tyuna zilipoanza kuchagua masafa kwa hesabu. Mfano wa mapema na wa ajabu kidogo ni tyuna ya Heathkit AJ-1510 ya Marekani, iliyouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo ilitunza vituo kwa kadi za plastiki zilizokatwa na mnunuzi mwenyewe, na kadi hizo, kwa kuwa zilikuwa vipande vya plastiki tu, hazikuhitaji umeme ili zikumbuke kitu. Watengenezaji waliofuata, hasa wa Japani, waliweka namba hizo katika saketi za kielektroniki, na hapo ndipo hitaji la betri lilipoingia.

Kinachohifadhiwa ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Katika tyuna ya namna hii, mtambo wa ndani unaozalisha mawimbi hulinganishwa kila wakati na fuwele ya kwatzi, ambayo mtetemo wake haubadiliki kwa urahisi, baada ya mawimbi ya mtambo huo kugawanywa kwa namba maalumu. Kupokea kituo cha FM cha megahezi 94.6, kwa kawaida mtambo huo huzalisha megahezi 105.3, yaani megahezi 10.7 zaidi ya kituo chenyewe. Ikiwa hatua ya kutafutia vituo ni kilohezi 50, kigawanyo chake ni 2106, namba inayoandikika kwa biti 12, biti zikiwa zile tarakimu za sifuri na moja ambazo kompyuta huhesabia. Kwa hiyo vituo 16 vinahitaji biti 192 tu, sawa na baiti 24, na hazina nzima anayoihofia mwenye redio ni fupi kuliko sentensi moja ya makala haya. Tatizo ni kwamba namba hizo zimewekwa katika kumbukumbu tete, yaani kumbukumbu inayofutika mara moja ikikosa umeme, ingawa kuitunza hakuhitaji zaidi ya mikroampia chache, na saketi nyingi za aina hiyo hushikilia namba zake hata volti zikishuka hadi 2.

Inafaa kutaja hapa swichi ndogo iliyo nyuma ya baadhi ya risiva, inayochagua hatua ya kilohezi 9 au 10 kwa masafa ya kati, kwa kuwa huwachanganya mafundi. Nchi za bara la Amerika hutumia hatua ya kilohezi 10, ilhali Afrika, Ulaya na Asia hutumia 9 kufuatana na mkataba wa Geneva wa mwaka 1975, na katika risiva nyingi kugeuza swichi hiyo hufuta vituo vyote, jambo linaloweza kudhaniwa ni ubovu wa betri. Zipo pia risiva zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, ambazo FM yake ya wakati ule ilianzia megahezi 76 na kuishia 90. Anayemiliki moja Dar es Salaam au Mombasa hanasi vituo vilivyo juu ya megahezi 90, shida ileile inayofahamika kwa wenye magari yaliyoagizwa kutoka huko, na hakuna betri inayoweza kuiponya.

Betri iliyotumiwa kwa wingi katika risiva hizi ni ya nikeli na kadimiamu, iliyobuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899. Kila seli moja hutoa volti 1.2, na aghalabu seli tatu hufungwa pamoja ndani ya ganda moja la plastiki ili kupata volti 3.6. Betri hii huchajiwa upya, hivyo risiva ikiwa kwenye umeme huipelekea mkondo mdogo kupitia rezista, na plagi ikichomolewa betri hurudisha mkondo huo kwenye kumbukumbu. Mpango huo ulifaa kwa chombo kinachokaa kwenye soketi mwaka mzima. Haukufaa kwa chombo kinachochomolewa kila wingu la radi linapotanda, na haukufaa hata kidogo kwa chombo kilichowekwa stoo miaka kumi, kwa kuwa betri iliyoisha chaji na kuachwa hivyo huharibika mihuri yake, na maji yake, ambayo ni mchanganyiko wa haidroksidi ya potasiamu, hutambaa nje. Maji hayo ni alkali kali. Huifanya shaba iote ukungu wa kijani na buluu, hukata njia nyembamba za umeme kwenye bodi, hupenya chini ya soketi za saketi na hata kupanda ndani ya nyaya chini ya plastiki yake, hivyo waya unaoonekana mzima kwa nje huenda umegeuka mweusi kwa urefu wa vidole kadhaa. Seli ikipata shoti ndani yake, huweza pia kuvuta chini volti za saketi ya kumbukumbu, na risiva ikaonyesha namba zisizo na maana au ikagoma kuitikia vitufe, ilhali amplifaya yake ni nzima.

Watengenezaji wengine walichagua njia tofauti. Betri ya lithiamu yenye umbo la sarafu, kama CR2032, ambayo ina kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2 na volti 3, haichajiwi, bali hutumika hadi iishe. Uwezo wake ni takriban miliampia-saa 220, hivyo kwa matumizi ya mikroampia 5 inaweza kudumu saa 44,000, yaani miaka mitano, hata kama risiva haijawahi kuwashwa. Njia ya tatu ni supakapasita, kifaa kinachohifadhi chaji bila mabadiliko ya kikemia na kinachopimwa kwa faradi, ambacho kampuni ya NEC ya Japani ilikiingiza sokoni mwaka 1978 hasa kwa kazi ya kulinda kumbukumbu. Supakapasita ya faradi 0.22, ikishuka kutoka volti 5 hadi 2 kwa matumizi ya mikroampia 1, hulinda vituo kwa wiki moja na zaidi kidogo, na muda huo hupungua kadiri kifaa kinavyochakaa. Baadaye zilikuja kumbukumbu zisizofutika, na suala lote likaisha.

Kosa kubwa katika kubadilisha betri hizi ni kutazama volti peke yake. Volti 3 za lithiamu zinaonekana kukaribia 3.6 za nikeli na kadimiamu, na fundi mwenye haraka huchomoa hii na kuweka ile, bila kukumbuka kwamba saketi itaendelea kuchaji. Betri ya CR2032 ikichajiwa kwa nguvu huvimba, huvuja na huweza kupasuka. Ili itumike mahali pa betri inayochajiwa, lazima ifuatanishwe na daiodi, kifaa kinachoruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, iliyoelekezwa ili betri itoe umeme lakini isipokee. Daiodi ya kawaida ya silikoni hupunguza takriban volti 0.6, ile ya Schottky hupunguza 0.2 au 0.3, na pale ambapo kila sehemu ya volti ina thamani, ya pili ni bora. Ili kutambua saketi ni ya aina gani, kitabu cha ufundi cha risiva husika ndicho cha kutegemewa. Kisipopatikana, betri ikishaondolewa hupimwa volti kwenye matundu yake risiva ikiwa imewashwa: zikiwepo volti 4 au 5, saketi inachaji, zikiwa karibu na sifuri, ni ya lithiamu.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchomoa plagi, si kwa kuzima swichi, kwa sababu sehemu ya saketi ya risiva nyingi hubaki na umeme swichi ikiwa imezimwa, na upande wa transfoma una volti 120 za Marekani au 230 na 240 za Afrika Mashariki. Kapasita kubwa za amplifaya nazo hushikilia makumi ya volti baada ya plagi kutoka, hivyo hupimwa kwa mita, na zikiwa na chaji hutolewa kupitia rezista, kamwe si kwa kugusisha bisibisi. Upande chanya na hasi wa betri huandikwa kabla ya kuitoa. Vituo vitapotea, na hilo si la kusikitisha, kwani kuvihifadhi upya ni kazi ya dakika chache. Hali ni tofauti kwa vinanda vya kielektroniki kama Prophet-5 ya mwaka 1978, ambavyo betri yake hulinda sauti alizozitunga mpigaji mwenyewe.

Betri iliyovuja huondolewa kwa glavu na miwani ya kukinga macho. Mabaki ya alkali huuliwa kwa siki nyeupe au maji ya limau yanayopakwa kwa brashi ndogo, kisha asidi hiyo nayo huoshwa kwa maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa ikiachwa itaanza uharibifu mwingine, na mwisho hupitishwa spiriti safi ili kuharakisha kukauka. Hapa ndipo subira inapolipa kuliko popote pengine. Shaba iliyoungua hukwanguliwa hadi ing'ae, njia iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba unaolehemiwa pande zote mbili, na waya uliogeuka mweusi ndani hubadilishwa wote, kwani risasi haishiki juu ya shaba iliyooza.

Katika kuchagua mbadala, supakapasita ya volti 5.5 ndiyo chaguo la busara kwa saketi inayochaji kwa volti 5, ilimradi mwenye risiva hatarajii iachwe bila umeme kwa miezi, kwa kuwa haina maji ya alkali ya kumwaga na hutumia rezista ileile iliyokuwepo. Betri ya nikeli na haidraidi ya metali, ambayo ndiyo mrithi wa ile ya kadimiamu madukani, huingia pale pale bila marekebisho, lakini nayo ina alkali na itavuja siku moja. Ikitumika, ni afadhali ifungwe mbali na bodi kwa nyaya mbili. Betri ya sarafu huwekwa kwenye kishikizo chake, au hununuliwa ikiwa na vibati vilivyochomelewa kiwandani, kwa maana joto la kulehemu moja kwa moja juu ya ganda lake huiharibu. Majaribio ni mepesi: vituo viwili vitatu huhifadhiwa, na kwa supakapasita risiva huachwa kwanza kwenye umeme kwa saa kadhaa, kisha plagi huchomolewa kwa usiku mmoja na vituo kukaguliwa asubuhi.

Betri kuukuu ya kadimiamu haitupwi jalalani wala haichomwi moto, kwa kuwa kadimiamu ni sumu inayodhuru figo. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2006, uliweka kikomo cha asilimia 0.002 ya kadimiamu kwa uzito katika betri za kubebeka za matumizi ya kawaida. Mwenye risiva asiyehitaji vituo vilivyohifadhiwa, kwa mfano anayesikiliza santuri tu, anaweza kuiondoa betri na kupaacha mahali pake wazi, na risiva nyingi zitafanya kazi hivyo bila matatizo.