MAPISHI: Keki ya aiskrimu haitaki haraka

KINYUME na wanavyodhani wengi, keki ya aiskrimu ya siku ya kuzaliwa si kazi ya hoteli kubwa pekee. Yeyote aliye na friza inayogandisha barabara anaweza kuiandaa nyumbani.

Kinachowaponza wengi ni haraka. Tabaka moja humwagwa juu ya jingine ambalo halijaganda, na kabla wimbo wa kumpongeza mtoto haujaisha, keki imeshaanza kuteleza siniani. Ianze siku mbili kabla ya sherehe.

Vinavyohitajika (walaji 10 hadi 12)

Vipande viwili vya keki ya kawaida, unene wa sentimita 2 kila kimoja

Krimu nzito ya maziwa, ile inayovimba ikipigwa, mililita 850

Maziwa mazito matamu, mkebe 1 wa gramu 397

Vanila, kijiko 1 kidogo

Embe bivu 2

Chokoleti, gramu 100

Sukari, vijiko 2 vikubwa

Keki iwe ya mafuta ya maji. Iliyookwa kwa siagi hukakamaa ikiwa baridi, kwa kuwa siagi yenyewe huganda.

Namna ya kuandaa

1. Saga maembe, kisha uyachemshe kwa moto mdogo yakauke na kuwa mazito. Yaache yapoe. Maji yakibaki, yatageuka chembe za barafu mdomoni.

2. Tandika karatasi ya kuokea katika mkebe wa upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 8 au zaidi, ncha zake zining'inie nje. Weka kipande cha kwanza cha keki.

3. Piga krimu baridi mililita 250 hadi isimame. Changanya polepole na nusu ya maziwa matamu pamoja na vanila, bila kuitoa hewa, maana hewa hiyo ndiyo inayoifanya aiskrimu kuwa laini. Mimina, gandisha kwa saa 3.

4. Weka kipande cha pili cha keki. Rudia hatua ya tatu, ukitumia embe badala ya vanila. Funika, ugandishe usiku kucha.

Mapambo

Zungushia mkebe kitambaa kilicholowa maji vuguvugu, kisha uinue keki kwa zile ncha za karatasi. Piga krimu mililita 250 na sukari, uipake juu na kando, halafu uirudishe keki kwenye friza kwa saa 1.

Pasha krimu iliyosalia, mililita 100, uimimine juu ya chokoleti iliyokatwakatwa na kukoroga. Ikiwa vuguvugu, idondoshe kwa kijiko ukingoni mwa keki ili itiririke. Fanya upesi, kwani hukaza mara inapogusa baridi.

Kwa jina la mtoto, yeyusha chokoleti kidogo zaidi na kuitia katika karatasi iliyosokotwa kama ile ya kuuzia njugu. Andika juu ya karatasi ya kuokea, ugandishe, kisha ubandue herufi na kuzipanga. Ukikosea, keki haiharibiki.

Matunda mabichi yawekwe wakati wa kuandaa meza, la sivyo yatakuwa magumu kama mawe. Ukitaka kunyunyiza njugu, waulize kwanza wazazi kama kuna mtoto anayedhurika nazo.

Tahadhari

Umeme ukipotea, usifungue friza. Iliyojaa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu takriban saa 24. Lakini keki ikishayeyuka, usiigandishe tena. Baridi haiui viini vya maradhi, huvituliza tu, na walaji wake wengi ni watoto.

Siku ya sherehe, toa keki dakika 10 kabla ya kukata. Katika joto la Mombasa au Kisumu, dakika 5 zatosha. Chovya kisu katika maji moto na ukipanguse kabla ya kila mkato. Mishumaa iwashwe wageni wakiwa tayari wamekusanyika, maana keki hii haimngoji mgeni aliyechelewa.