Stimpanki: Sanaa ya mashine zisizofanya kazi

STIMPANKI ni mtindo wa sanaa unaowazia dunia ambamo umeme na kompyuta havikuwahi kuufukuza mvuke. Kila chombo, iwe ni miwani, taa au saa ya ukutani, huundwa kana kwamba kimetoka katika karakana ya Uingereza ya karne ya 19: shaba, ngozi, mbao, mabomba na magurudumu yenye meno. Jina hilo lilibuniwa kwa mzaha mwaka wa 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, alipotafuta neno la kuziita hadithi zake na za wenzake. Chimbuko lake la mbali ni riwaya za Jules Verne na H. G. Wells.

Kutoka vitabuni mtindo huo uliingia mikononi mwa mafundi, na mwaka wa 2009 makavazi ya historia ya sayansi mjini Oxford yakauandalia maonyesho.

Pambo la stimpanki halifanyi kazi, lakini sharti mtazamaji asadiki kwamba lingeweza. Hapo ndipo wengi hukwama. Hubandika magurudumu ya saa juu ya kofia kwa gundi, yasigusane wala kuzungusha kitu, kisha hudhani wamemaliza. Anayetaka kuepuka kosa hilo na azuru Makavazi ya Reli jijini Nairobi, alitazame kwa utulivu garimoshi nambari 5918, Mount Gelai, lililoundwa Uingereza katika miaka ya 1950. Kila bomba lina litokako na liendako.

Kwa anayeanza, karabai iliyokufa ni msingi mzuri, kwani tayari ina tangi, pampu na kioo. Kitambaa kilichokuwa kikiwaka ndani yake kisiguswe ovyo. Vingi vya zamani vilitiwa thoriamu, madini yatoayo miale yenye madhara. Vivyo hivyo, saa kuukuu ambazo mishale yake iling'aa gizani huenda zilipakwa rediamu, na hazifai kukwanguliwa. Rangi ya kale nayo huenda ikawa na risasi, hivyo isipigwe msasa pasipo kuilowesha kwanza na kufunika pua na mdomo.

Shaba husafishwa kwa ndimu na chumvi, kisha husuuzwa na kukaushwa vyema. Uchafu wa pembeni uachwe, kwani chombo kilichotumika hung'aa pale mkono unapopita tu. Kabla ya kufunga chochote, vipande vyote vipangwe mezani: geji ya pampu ya magurudumu, kengele ya baiskeli, kipande cha mfereji. Geji ikae karibu na tangi, la sivyo haipimi kitu. Skrubu na ribiti zinafaa kuliko gundi, maana huonekana na zina sababu ya kuwepo. Plastiki hupakwa rangi nyeusi kwanza, kisha rangi ya shaba kidogo kwa kitambaa. Saa au cherehani ambayo bado inafanya kazi isivunjwe kwa ajili ya pambo, zilizoharibika hazijapungua.

Nchini Kenya, msanii Cyrus Kabiru amepata sifa ng'ambo kwa miwani anayoiunda kutokana na nyaya, vyuma na takataka za jijini Nairobi. Kazi yake kwa kawaida haihesabiwi kuwa stimpanki, lakini nidhamu ni ile ile: kipande hukubali kazi mpya bila kuficha ya zamani.

Liko pia suala la asili ya chuma. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa hiyo awe na leseni, na Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa muda kufuatia uharibifu wa milingoti ya umeme. Mita ya maji ya shaba hupendeza mno katika pambo. Ikiuzwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa, huenda kuna mtaa mzima ambao mifereji yake imekauka.