Santuri za guka si takataka

Wasee wa Thika Road, hebu tuongee. Kabla ya kaseti, ngoma za Kikuyu zilitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: nusu upande huu, geuza, nusu ule. Joseph Kamaru aliimba enzi hizo. Alifariki 2018, na mjukuu wake KMRU amekuwa akizitoa upya mtandaoni.

Sisi je? Hapa Ruiru nimeona santuri ikifunika ndoo ya maji, aki!

Za guka nazihamishia kwa kompyuta. Narekodi kwa biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. CD ni biti 16 na 44,100. Dakika tatu hula karibu MB 104, ndiyo maana wengi hukimbilia MP3. Lakini MP3 hutupa sehemu ya sauti, na ikienda imeenda. FLAC hupunguza saizi bila kutupa kitu. Mikwaruzo siitoi yote, ukisafisha sana gitaa linakufa.

Kwenu kuna boksi chini ya kitanda? Muulize cucu nani anaimba, uandike, kabla asahau.